Mtarakwa Uliokaa Eda

Eda ni miezi minne na siku kumi. Kila aliyekuja kunipa pole alinikumbusha hesabu hiyo, kisha akaniambia zitapita tu, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. Siku hazikunichosha. Kilichonichosha ni kukaa. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu imezoea kushika kitu, na mashine yangu ilikuwa imefunikwa shuka barazani kwa sababu wateja ni watu, na watu huja na maneno yao. Nilikaa chumbani na nguo zangu nyeupe, nikisikiliza nyumba yangu ikiendeshwa na wengine.

Mume wangu alifia hospitali ya Kitete, masika yalipokuwa yanaishia. Moyo ulimkamata Jumatatu, na Alhamisi alizikwa. Aliniachia nyumba hii ya Ipuli, hapa Tabora, paa linalovuja upande wa jikoni ambalo kila mwaka aliahidi kulitengeneza, na mti mmoja ndani ya chungu.

Mti wenyewe ni mtarakwa. Asili yake ni milima yenye ukungu, na ukiachwa msituni hukua ukawa mnene kiasi cha watu wawili kushindwa kuukumbatia. Mume wangu aliutoa Lushoto alipokuwa kwenye mafunzo ya misitu, wakati huo ukiwa mche wa urefu wa kidole. Aliuweka kwenye kopo la maziwa, akapanda nao basi hadi Dar, na treni hadi Tabora, kopo likiwa mapajani safari nzima. Babu wa babu zetu walikuja kwa njia hiyo hiyo kwa miguu, mizigo mabegani, na waliochoka ndio waliokaa wakawa wenyeji. Kwa hiyo mjini hapa mgeni aliyetoka mbali hamshangazi mtu. Kilichoshangaza ni kwamba miaka ishirini na minane ilipita na mti ulikuwa haujavuka goti langu.

Vijana wanaoiona miti ya namna hiyo kwenye simu huiita bonsai. Nyumbani tuliuita kamti. Alikuwa ameufinyangishia chungu kipana kisicho na kina, kama sinia lenye miguu, akauweka nje mbele ya nyumba juu ya matofali, mahali panapopigwa na jua tangu asubuhi. Kila Ijumaa akitoka msikitini alivuta kigoda akakaa mbele yake. Alipunguza ncha, alipinda matawi kwa waya wa shaba, alifagia shina kwa mswaki mkuukuu. Shina lilikuwa limepinda na kukunjamana likafanana na mzee wa mashamba, na watoto wa jirani walikuwa wakilisalimia shikamoo kwa kumtania mume wangu.

Nitasema ukweli, niliuonea wivu. Mume asiyeweza kupanda ngazi kupiga bati misumari minne, lakini anaweza kukaa saa nzima akifikiria ncha moja ya jani. Tena alikuwa akichukua mkasi wangu mdogo wa kukatia uzi bila kuniomba, akakatia hadi waya. Siku moja nilimwambia achague kati ya mkasi na mti. Alicheka, akanunua mkasi mpya. Ule mpya akanipa mimi, wa zamani wenye pengo akabaki nao yeye. Kwake hayo yalikuwa mapatano.

Baada ya hitima, watu walipopungua, niligundua kwamba kutoka chumbani kwangu siuoni ule mti. Upo mbele, barabarani, na mimi niko eda. Sijui niseme nini ila kwamba sikuvumilia. Nilimwita wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa nami muda wote wa eda, nikamwambia auingize ndani.

"Uingie chumbani?" aliuliza.

"Wifi, na mimi nimeingia chumbani."

Hakubisha. Ni mwanamke mzito wa maneno, mcha Mungu, na macho yake yana mtoto wa jicho kiasi kwamba hutambua watu kwa sauti. Aliubeba akiwa ameukumbatia, ukamchoma mikono, akalalamika. Majani ya mti ule ni makali. Akauweka pembeni mwa kabati langu, karibu na dirisha lenye pazia zito, kwa sababu pazia nalo lilikuwa halifunguliwi.

Hivyo tukakaa eda wawili. Kila asubuhi niliumwagia kikombe kimoja cha maji, kama nilivyomwona mwenyewe akifanya. Usiku nilizungumza nao, na sioni aibu kusema hivyo. Harufu yake ilikuwa ile ile iliyokuwa kwenye mikono ya mume wangu siku za Ijumaa. Nilikuwa nimekatazwa manukato, lakini kwa harufu hiyo hakuna aliyeniletea fatwa.

Wifi naye alikuwa na jambo lake, ila hakuniambia. Sisi tuliosoma Kurani chuoni tulifundishwa kwamba kila kilicho kibichi humtaja Mungu, ndiyo maana watu huweka tawi bichi juu ya kaburi wakitumaini marehemu atapata nafuu. Wifi aliliweka hilo moyoni. Kaburi liko mbali na macho yake hayafiki, lakini mti wa kaka yake ulikuwa chumba cha pili, mbichi, ukitaja usiku na mchana. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha haukauki.

Mwezi wa tatu wa eda alikuja rafiki wa marehemu, ambaye walifanya kazi pamoja idara ya misitu hadi wakastaafu. Ni Mkristo, Mmoraviani, anaishi kijijini huko upande wa Nzega, ana mizinga ya nyuki na shamba la mahindi. Kwa kuwa niko eda, tulizungumza pazia la mlango likiwa katikati yetu. Alinipa pole kwa utaratibu, akaulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja, akanywa chai. Kisha akauliza.

"Na kale kamti, shemeji? Nimepita pale mbele sijakaona."

"Kako humu ndani na mimi."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Ndani tangu lini?"

"Tangu hitima."

"Shemeji, kale kanaishi kwa jua. Katoe nje leo hii. Mwambie dada akatoe."

"Mbona bado kabichi."

"Mtarakwa hukaa na kijani chake hata ukiwa umeshakufa," alisema taratibu. "Ndiyo tabia yake. Ukikata ukautupa, mwezi wa pili bado unakudanganya."

Nilikasirika. Mtu ametoka Nzega kuja kunipa pole, ananiambia kilichobaki kwangu kimekufa na mimi sijui. Nilimjibu kwamba nimesikia na nashukuru, kwa ile sauti ambayo kila aliyeoa anaijua. Akaondoka. Mti sikuutoa. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi na sijapata udhuru wa maana. Nilijua anajua kuliko mimi. Nilitaka tu usitoke.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa rangi, wanawake wa mtaa wakaja wakanifukiza udi na kunilisha pilau. Kesho yake asubuhi niliubeba mwenyewe mti hadi mbele, nikauweka juu ya matofali yake. Ilikuwa kiangazi kikali, jua lilishapanda. Nikautazama kwenye mwanga kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne.

Haukuwa kijani. Ulikuwa na rangi ya nguo za askari wa zamani zilizofuliwa hadi zikachoka. Nilipoupitisha mkono, majani yalidondoka kwenye udongo kwa mlio mdogo kama mchele unaopetwa. Upande mmoja tu, kwenye tawi la chini lililoinamia barabarani, palikuwa na rangi inayoweza kuitwa ya uhai. Nilikaa kwenye kigoda chake. Sikulia, nilikuwa nimechoka kulia. Nilichukua simu nikampigia yule shemeji wa Nzega, na nilipomweleza hakusema "nilikwambia". Alisema, "Usiuguse, usiumwagie maji. Nakuja."

Alifika siku ya pili na basi la asubuhi, akiwa na kiroba cha mchanga wa mtoni na chekeche mbili. "Mwangaluka, shemeji," alisalimu kwa Kinyamwezi, nami nikaitikia. Wifi alikuwa bado hajarudi kwake, naye akatoka akakaa kwenye mkeka.

Shemeji alianza kwa kunitaka mkasi. Nilimletea ule wenye pengo. Akaugeuza mkononi, akatabasamu kidogo, inaelekea aliujua. Kisha akakwaruza shina kwa ukucha, mahali padogo, chini kabisa. Chini ya ganda palikuwa pakavu na pa kahawia. Akasogea kidole kimoja, akakwaruza tena. Kahawia. Akaenda upande wa pili, ule wa tawi la chini, akakwaruza, na hapo nilikuwa nimeshaacha kutazama.

"Tazama hapa," alisema.

Kulikuwa na kijani, mstari mwembamba wa upana wa utepe wangu wa kupimia, ukipanda kutoka kwenye mizizi hadi kwenye tawi lile moja.

"Huu ndio mti wenu sasa," alisema. "Haya mengine ni mbao."

Tuliutoa chunguni tukiwa tumetandika turubai. Nilitegemea udongo mkavu, kwa kuwa kikombe kimoja kwa siku ni kitu gani. Ulitoka tope, pande moja jeusi linalonata. Harufu ilitupiga wote watatu. Ilikuwa harufu ya mtaro. Shemeji alichokoa kwa kijiti cha mshikaki, na mizizi ikakatika mikononi mwake kama tambi zilizopikwa zikasahauliwa.

"Umekuwa unaumwagia mara ngapi?"

"Mara moja. Asubuhi."

"Haiwezekani, shemeji."

Wifi akasema, kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikuwa naumwagia."

Tukageuka. Akaeleza bila kuficha. Kila alipotawadha, maji yaliyobaki kwenye birika hakuyamwaga uani. Aliyaleta chumbani nikiwa nimelala au niko bafuni, akaumwagia mti wa kaka yake, mara tano kwa siku, ili ubaki mbichi, uendelee kumtajia. Hakuniambia kwa sababu alitaka iwe baina yake na Mola wake.

Mara tano yeye, mara moja mimi, kwenye chumba kisicho na jua, miezi minne. Tuliuzamisha kwa mapenzi. Hapo ndipo hasira ilinipanda, na nilisema maneno ambayo sitayaandika. Wifi alikuwa akipapasa tope lile kwenye turubai kwa vidole vyake, akitafuta kujua limeharibika kiasi gani kwa kuwa macho yalikuwa hayamwambii. Na mimi niliyekuwa na macho mazima niliambiwa na mjuzi nikakataa. Hilo halikuja kichwani mwangu siku ile. Lilikuja baadaye.

"Tufanye kazi," alisema shemeji.

Kazi yenyewe naifahamu, ndiyo yangu ila kwa vitu vingine. Nguo iliyoshonwa vibaya huitengenezi kwa kuipiga pasi, unaifumua mpaka mahali palipo sawa. Tulikata mizizi yote iliyooza hadi tukafika kwenye mieupe, nayo ilikuwa michache, ingeenea kwenye kiganja. Tuliisuuza. Shemeji aliniagiza nipondeponde matofali ya kuchoma yaliyovunjika, tukayachekecha mara mbili: vumbi tukalitupa na makubwa tukayatupa, tukabaki na punje za saizi ya kunde. Tukachanganya na mchanga wa mtoni na mkaa kidogo. Udongo wa shamba hatukuweka hata kijiko. Alisema mgonjwa huyu anahitaji kupumua kuliko kula, na mbolea nisithubutu hadi mwaka upite.

Chungu cha marehemu tulikiweka kando. Tuliupanda kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, tukaufunga kwa waya usitikisike, kwa kuwa mzizi mpya ukitikiswa hukatika. Ulionekana kituko. Kisha tukaanza matawi. Yaliyokauka aliyakata moja baada ya jingine, na mengine aliyabandua ganda akayaacha yamesimama, meupe. Mkasi ulipofika mikononi mwangu, mazoea yakanizidi, nikataka kusawazisha ncha za lile tawi lililobaki, lilikuwa limetawanyika ovyo. Akanizuia mkono.

"Usiushone, shemeji. Kila jani hapo linapika chakula cha mizizi. Na tawi la mtarakwa ukiliacha tupu halichipui tena, si kama miti yenu ya uani."

Ndipo wifi aliponena tena. Aliomba ncha moja. Ncha ndogo tu, mbichi, kutoka kwenye tawi lile, akaiweke juu ya kaburi kesho akipelekwa na mwanawe. Miezi minne alikuwa amezuiwa na kunitunza mimi, hajafika kaburini, na hakutaka kwenda mikono mitupu.

Shemeji aliutazama mchanga. Halikuwa la kwake kuamua. Mkasi nilikuwa nao mimi.

Ncha moja isingeua mti, huenda. Hata leo sijui. Nilichojua ni kwamba mti mzima ulikuwa umebaki tawi moja, na mimi nilikuwa nimechoka kutoa. Nilikuwa nimetoa mume, nimetoa miezi, nimetoa sebule yangu kwa watu na sahani zao.

"Hapana, wifi," nilisema. "Kaburini kaweke majani ya mwarobaini. Kaka yako ameshakufa. Huu bado."

Alinyanyuka akaingia ndani kukusanya nguo zake. Jioni mwanawe alimfuata.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchosha kuliko eda. Niliuweka mti barazani unapopata jua la asubuhi tu, pembeni mwa mashine yangu ambayo nilikuwa nimeifunua. Shemeji aliniagiza nichomeke kidole kwenye kikapu hadi kiungo cha kwanza, na nikisikia unyevu, niuache. Hakuna kazi ngumu kama kuacha. Mara tatu kwa siku niliyanyunyizia majani ukungu wa maji kwa kichupa changu cha kupigia pasi. Wateja waliuliza kwa nini nabembeleza kuni. Wengine walicheka, na mimi nilishona. Jani lilidondoka, nikaliokota, nikashona. Septemba ikaisha, Oktoba ikatuchoma na vumbi lake, na mti ulikuwa pale pale, haufi na haukui.

Wifi hakuja. Alinitumia salamu kwa watu, nami nikazirudisha kwa watu. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeuingiza ndani, ni mimi niliyeambiwa nikakataa, na kwamba maji yake yasingeuoza kama ungekuwa nje. Lakini maneno hayo hayatumwi kwa mtu.

Mvua ya kwanza ilinyesha Novemba, mchana, ile ya matone mazito yanayonukia vumbi. Paa likavuja jikoni. Nikaweka sufuria, nikatoka barazani kutazama kama mti unarushiwa maji, na hapo nikaona. Kwenye lile tawi la chini, ncha tatu au nne zilikuwa na kijani kingine, kijani cha kitu kilichozaliwa jana, kidogo kuliko kichwa cha pini.

"Njoo uone," nilisema kwa sauti, nikageuka kuelekea mlangoni.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Miaka ishirini na minane niliitwa mimi kuja kuona, nikajibu nina kazi.

Nilikaa kwenye kigoda hadi mvua ikapungua. Kisha nikajifunika kanga, nikatembea kwenye tope hadi kwa wifi. Nilimkuta akichambua mchicha kwa kupapasa. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia, tukiwa na ungo katikati yetu. Akauliza tu, "Mti umeshika?"

"Twende."

Tulirudi pamoja polepole, nimemshika mkono. Barazani aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa tawi, akatazama, akatikisa kichwa. Alikuwa haoni kitu. Nikachukua kidole chake, kile kile alichokuwa akipapasia tope siku ile, nikakipeleka taratibu juu ya ncha. Aliurudisha mkono haraka, akitegemea miiba. Nikaushika tena, nikaurudisha.

Alibaki hapo, kidole hakitikisiki, maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Wifi," alisema, "mbona hauchomi?"